Ukurasa wa vimbunga wa CIMSS: mapitio kwa wanaofuatilia Bahari ya Hindi

Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna ndege maalumu za kuingia ndani ya kimbunga na kupima upepo, kama zile za Marekani zinazopasua vimbunga vya Atlantiki. Kwa hiyo kimbunga kikiwa bado baharini, iwe ni jirani na Lindi, Komoro, Madagaska au Beira, namba ya upepo inayosomwa redioni karibu kila mara ni makisio. Mtaalamu ametazama mawingu kwa setilaiti akakadiria, kama mnunuzi mnadani anavyokisia uzito wa mbuzi kwa jicho. Mzoefu hukaribia sana, ila mizani haipo.

Ukurasa wa vimbunga wa CIMSS, taasisi ya setilaiti za hali ya hewa iliyo Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, una faida moja ambayo programu za simu zenye rangi za kuvutia hazina: unakuonyesha makisio yamejengwa kwa vitu gani. Anwani ni tropic.ssec.wisc.edu. Ni bure na haukudai kujisajili. Uko kwa Kiingereza tupu, sura yake ni ya kizamani, na kwenye skrini ndogo ya simu ni adha. Mwanafunzi wa hali ya hewa, mwandishi wa habari za sayansi au mtu wa kitengo cha maafa hatapata kitu bora zaidi kwa bei hiyo. Nahodha anayetaka kujua kama atoke bandarini leo haumhusu. Yeye afuate taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au za Idara ya Hali ya Hewa Kenya akiwa upande wa Mombasa na Lamu, maana CIMSS haitoi tahadhari kwa mtu yeyote.

Tuanze na saa, kwa sababu wengi hupotea hapo. Kila kitu kimeandikwa kwa UTC, na Afrika Mashariki tunaongeza saa tatu. Picha ya 0600 ni ya saa tatu asubuhi kwetu, 1200 ni saa tisa alasiri, 1800 ni saa tatu usiku, na 0000 ni saa tisa usiku wa kuamkia siku inayoandikwa. Upepo uko kwa noti. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.

Ramani za mazingira

Ukichagua Bahari ya Hindi unapata ramani za upepo wa tabaka mbalimbali za anga. Ya kwanza kufungua ni ile ya tofauti ya upepo kati ya juu na chini. Kimbunga ni nguzo ya hewa ya moto iliyosimama wima. Upepo wa juu ukivuma kwa mwelekeo au kasi iliyo mbali na ya upepo wa chini, nguzo inainama, mvua inasukumwa upande mmoja, na hewa kavu ya pembeni inapenya mpaka ndani. Chini ya noti 10 kimbunga kinapumua vizuri. Ikizidi 20 kinaanza kuteseka, na ikipita 30 ni vichache vinavyostahimili.

Kuna makosa matatu ya kawaida katika kuisoma. Kwanza, CIMSS wanapunguza wastani wa upepo wa tabaka la hektopaskali 700 hadi 925 kutoka wastani wa tabaka la 150 hadi 300 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa; namba ikiwa ndogo, kimo ni cha juu zaidi). Vyanzo vingine vingi huchukua kimo cha 850 na cha 200 tu. Noti 18 za hapa na noti 18 za kwingine zinaweza zisiwe kitu kimoja, hivyo usizichanganye kwenye jedwali moja. Pili, usisome namba iliyo juu kabisa ya jicho, kwani pale mzunguko wa kimbunga chenyewe unavuruga hesabu. Tazama mzingo wa kuanzia kilomita 200 hadi 800 kutoka katikati. Ndiyo desturi ya watafiti wa nguvu za vimbunga. Tatu, ramani ni ya sasa, na kimbunga kinahama. Tafuta eneo kitakapokuwa kesho, kisha fungua ramani ya pili inayoonyesha tofauti hiyo imepanda au imeshuka kiasi gani kwa saa 24 zilizopita. Ramani hii ya pili watu huipita bila kuifungua, na ndiyo inayoeleza mengi zaidi.

Kimbunga Jobo, Aprili 2021, ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi. Kilikuwa kinaelekezwa Dar es Salaam, kikadhoofika kikiwa bado baharini. Aliyekuwa anafuata mstari wa njia peke yake aliona kimbunga kinakuja. Mabadiliko ya aina hiyo huonekana kwanza kwenye mazingira yanayokizunguka, na mstari wa njia huyaonyesha baadaye.

Nyingine ya kufungua ni MIMIC-TPW2, picha jongefu ya jumla ya unyevu wa anga kwa milimita. Chini ya 45 chukulia hiyo ni hewa kavu. Tazama saa 48 au 72 zilizopita, uone kama ulimi wa hewa kavu unajikunja kuelekea katikati. Kusi inapoanza kushika, mwezi wa nne kwenda wa tano, mandhari haya ni ya kawaida: hewa ya kusini, baridi na kavu zaidi, inapanda kando ya bara. Udhaifu wa bidhaa hii ni kwamba inajumlisha anga lote, na sehemu kubwa ya unyevu iko chini. Tabaka kavu la kimo cha kilomita tano linaweza kujificha nyuma ya namba nzuri.

Kwa anayetafuta kimbunga kabla hakijazaliwa, ipo ramani ya mzunguko wa hewa wa kimo cha 850. Kumbuka kwamba kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, hivyo kwa hesabu mzunguko wake ni hasi. Soma kipimo cha pembeni kabla ya kuamini rangi. Kumbuka pia latitudo. Nguvu ya kuzungusha hewa itokanayo na mzunguko wa dunia, ikiwa nyuzi 5, ni nusu tu ya ile ya nyuzi 10, na kwenye ikweta ni sifuri. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Dar es Salaam karibu 7, Mafia karibu 8, Lindi 10. Kwa hiyo vimbunga vikubwa si kawaida karibu na Kenya, japo hilo halimaanishi usalama kamili: Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia tarehe 4, na wiki chache baadaye Ialy kikapita karibu na ikweta kiasi cha kuisumbua pwani ya Kenya.

ADT: hapa ndipo thamani yote ilipo

Miaka ya 1970 Vernon Dvorak alibuni njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa umbo la mawingu, akitumia daraja la T la 1 hadi 8. ADT ya CIMSS ni njia hiyohiyo ikifanywa na kompyuta bila mkono wa mtu. Daraja la mwisho huitwa CI. CI 4.0 ni noti 65, yaani mlango wa kuitwa kimbunga kamili, 5.0 ni noti 90, 6.0 ni 115, 7.0 ni 140, na 8.0 ni 170. Angalia pengo lililopo: kosa la nusu daraja ukiwa kwenye 5.0 ni noti 12, takriban kilomita 22 kwa saa. Nusu daraja ni jambo ambalo wachambuzi wawili wazuri wanaweza kutofautiana wakitazama picha moja.

Achana na grafu mwanzoni. Fungua orodha ya maandishi. Kila mstari una tarehe, saa, CI, mgandamizo wa hewa, upepo, T ghafi, T iliyorekebishwa, T ya mwisho, kikomo kilichotumika, joto la katikati, joto la mawingu yanayozunguka, aina ya umbo, na mahali. Jihadhari na longitudo: ADT huhesabu magharibi kuwa chanya, hivyo pwani yetu huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiingiza namba hizo kwenye ramani bila kugeuza alama, kimbunga chako kitatua upande wa Brazili.

Safu ya aina ya umbo ndiyo inayokuambia uamini kiasi gani. EYE maana yake jicho linaonekana. Kompyuta inalinganisha joto la jicho na ubaridi wa mawingu ya pembeni, na pengo likiwa kubwa kimbunga ni kikali. Hapo ADT iko nyumbani kwake. CRVBND ni mkanda wa mawingu uliojikunja, SHEAR ni kitovu kilichoachwa wazi na mawingu yaliyosukumwa kando, na zote mbili ni za mifumo michanga, makisio yake yakiwa ya wastani. Tatizo kubwa liko kwenye UNIFRM, blanketi laini la mawingu baridi bila jicho. Kimbunga kinaweza kuwa kinajenga ukuta wa jicho, yaani pete ya ngurumo kubwa inayolizunguka jicho, chini ya blanketi hilo, nguvu zikipanda kwa kasi, huku T imekaa palepale kwa saa nyingi. Ukiona CI haisogei na umbo ni UNIFRM, usiandike kwamba kimbunga kimetulia. Nenda kwenye picha za maikrowevu. ADT yenyewe hujaribu kufanya hivyo, na ikifanya utaona herufi MW kwenye mstari. Kusipokuwa na setilaiti iliyopita juu karibuni, haina la kufanya.

Safu ya kikomo nayo ina mambo. Maandishi kama 0.2T/hour au 1.2T/6hr yanasema T imezuiwa kuruka zaidi ya kiasi hicho. Kizuizi hicho kimewekwa ili picha moja mbovu isivuruge hesabu, na kwa kimbunga kikubwa cha kawaida ni busara. Kwa kimbunga kidogo ni kasoro, maana vidogo hupanda na kushuka haraka kuliko kikomo kinavyoruhusu. Linganisha T ghafi na T ya mwisho: ghafi ikiwa juu kwa daraja zima mistari kadhaa mfululizo, kimbunga kinaikimbia kompyuta. Jicho dogo linaongeza tatizo. Chombo cha infraredi cha Meteosat-9, setilaiti iliyo juu ya longitudo 45.5 mashariki, kina pikseli ya takriban kilomita 3. Jicho jembamba linachanganyika na kingo zake, linaonekana baridi kuliko lilivyo, na makisio yanashuka. Chido, kilichoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kilikuwa cha umbo dogo. Vimbunga vya aina hiyo ndivyo vya kusoma kwa tahadhari hii.

Wakati wa kudhoofika kosa hugeuka. Kanuni ya Dvorak inashikilia CI juu ya T kwa saa kadhaa, kwa sababu upepo wa baharini huchelewa kupungua baada ya mawingu kuharibika. Mfumo mdogo unaovunjika karibu na pwani haungoji, na CI inaweza kubaki kubwa kuliko hali halisi. Kimbunga kikigusa nchi kavu, funga ADT. Haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukilazimika kutoa namba moja tu, tumia SATCON, iliyo hapohapo. Inachanganya ADT na vipimo vya setilaiti zinazohisi joto la kiini cha kimbunga kwa maikrowevu, kila kimoja kikipewa uzito kulingana na rekodi yake. AiDT, inayopitisha vipengele vya ADT kwenye mtandao wa kujifunza wa kompyuta, hutuliza baadhi ya miruko, lakini inakula chakula kilekile: picha ikikosea, nayo inakosea.

Maikrowevu

Mawingu ya juu ya barafu huziba macho ya infraredi, ila maikrowevu hupenya. Kwenye masafa ya gigahezi 85 hadi 91 unaona barafu ya ngurumo kubwa, yaani ukuta wa jicho. Kwenye 37 unaona mvua ya chini. Pete iliyofunga mzunguko mzima kwenye 37, wakati infraredi haionyeshi jicho, ni dalili mojawapo bora ya kuimarika kwa kasi, ambako kwa kawaida huhesabiwa kuwa ongezeko la noti 30 au zaidi kwa saa 24. Freddy cha Februari na Machi 2023, chenye rekodi ya siku 36 iliyothibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kilipitia vipindi vingi vya namna hiyo. Ukiona pete mbili, ya ndani na ya nje, ukuta wa jicho unabadilishwa: upepo wa juu kabisa utashuka kwa muda, huku eneo la upepo mkali likitanuka. Kwa mji wa pwani hiyo si nafuu hata kidogo, sababu bahari inayosukumwa ni pana zaidi.

MIMIC-TC hukuonyesha hayo kama filamu laini, na ulaini huo ndio wa kuogopa. Setilaiti zenye maikrowevu hazisimami mahali pamoja; hupita, na kati ya mpito mmoja na mwingine zinaweza kupotea saa nyingi, hasa karibu na ikweta. Kompyuta inaziba pengo kwa kuizungusha picha ya zamani. Tafuta saa ya mpito halisi wa mwisho, na fremu zote za baada yake uzichukulie kama mapambo. Mkusanyiko huu nao ni mdogo na unategemea hisani: Juni 2025 ilitangazwa kwamba data za chombo cha SSMIS cha jeshi la Marekani zingekatwa ndani ya siku chache, na mwezi uliofuata uamuzi ukageuzwa. Watafiti walipumua, ila setilaiti zenyewe ni kuukuu.

Usichokipata

Joto la bahari kwa kina. Kizingiti maarufu cha nyuzi 26.5 ni cha uso wa maji, na bahari ya kitropiki hukipita kwa miezi mingi bila kimbunga kuzaliwa. Kinacholisha kuimarika ni unene wa tabaka la maji ya moto, kwa sababu upepo wenyewe unakoroga bahari na kupandisha maji baridi. Tabaka likiwa jembamba kimbunga kinajizimia jiko. Kipimo chake huandikwa kwa kilojuli kwa sentimita ya mraba, na zaidi ya 50 huhesabiwa kuwa mazingira mazuri ya kuimarika kwa kasi. Ramani hizo zichukue kwenye ukurasa wa vimbunga wa CIRA, Colorado State University.

Wala hutapata tafsiri ya daraja letu. Kituo rasmi cha ukanda huu ni Météo-France, La Réunion, kinachotoa taarifa kila saa sita kwa upepo wa wastani wa dakika 10. ADT, na JTWC, kituo cha vimbunga cha jeshi la Marekani huko Hawaii, hutumia dakika 1, ambao huwa mkubwa zaidi. Hapa magazeti huchanganya kila msimu. Noti 100 za dakika 1, ukizidisha kwa 0.93, ni 93, na kwa daraja la La Réunion kuanzia 90 ni kimbunga kikali. Ukitumia 0.88 ya zamani unapata 88, na kinabaki kimbunga cha kawaida. Upepo ni uleule. Kizidishi pekee ndicho kilichobadilika. Andika muda wa wastani kando ya kila namba unayonukuu, na usiweke La Réunion na JTWC kwenye grafu moja bila kugeuza.

Kwa historia itakubidi utoke CIMSS uende IBTrACS, hifadhi ya njia za vimbunga inayotunzwa na NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga. Chukua faili ya CSV ya SI (kusini mwa Bahari ya Hindi), toleo v04r01. Mstari wa pili una vipimo na si data, uruke. Nafasi tupu imejazwa alama ya nafasi, hivyo safu ya upepo itasomwa kama maandishi usipoigeuza. REUNION_WIND ni dakika 10, USA_WIND ni dakika 1. Mistari ya saa 03, 09, 15 na 21 mara nyingi imejazwa kwa hesabu, kwa hiyo kuimarika kwa kasi kupime kwa mistari ya 00, 06, 12 na 18 pekee. Msimu wa 2023/24 umeandikwa 2024.

Usianzie mbali sana kama swali lako ni la nguvu. Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, Lindi tarehe 15 Aprili 1952, na zama hizo hazikuwa na setilaiti. Hata baada ya setilaiti kuja, Bahari ya Hindi ilitazamwa kwa pembe ya mshazari mpaka 1998, Meteosat-5 ilipohamishiwa longitudo 63 mashariki, na jicho linalotazamwa kwa mshazari huzibwa na ukuta wake. Mstari wa nguvu unaopanda kwa kuvuka mwaka huo unaweza kuwa sehemu yake ni kamera iliyosogea. Kwa njia na idadi unaweza kurudi nyuma zaidi. Kwa nguvu, anza na msimu wa 1998/99.